Kigimbi

Saa nane usiku moto wa SNEL unarudi Kadutu,
redio ya jirani inaanza katikati ya sentensi,
na mimi niliye macho tangu saa tano
najifanya ndiyo kwanza naamka.

Kigimbi cha kushoto kinacheza.
Si maumivu. Laiti yangekuwa maumivu:
maumivu yana jina, yana kidonge.
Hiki ni kidole kinachobisha hodi kutoka ndani,
mara tatu, kinanyamaza,
kinangoja nisahau,
kinabisha tena.

Mama alisema ukope wa chini ukicheza, utalia;
wa juu, mgeni yuko njiani.
Kwa kigimbi hakuacha neno.
Nani basi anayekuja kwa mguu?

Naichukua futi kwenye cherehani,
ile ile niliyompimia mtoto wa shule mabega mchana.
Mguu wa kulia: thelathini na nne.
Wa kushoto: thelathini na tatu na nusu.
Nusu imekwenda wapi?
Miaka kumi na tisa ya ufundi,
najua kitambaa hurudi kwa maji,
najua mteja hukonda kwa deni,
lakini sijui kama ni mguu uliopungua
au ni mkono wangu unaoivuta futi.

Nasimama kwa ncha za vidole, nimeshika ukuta wa mbao.
Mguu mmoja, ishirini.
Mwingine, ishirini.
Panya darini anasimama, kama anayehesabu naye.

Baba mdogo Cirhuza alianza kwa kuangusha kijiko.
Tulicheka.
Mwaka uliofuata tulimteremsha mlimani juu ya kiti,
watu wanne, udongo umelowa,
naye akituomba radhi kila hatua.
Tangu hapo sindano ikiniponyoka
naiokota haraka, kabla mtu hajaona,
kabla mimi mwenyewe sijaona.

Daktari Bisimwa alinigonga goti kwa kinyundo cha mpira,
goti likarusha teke kama mbuzi.
Akaniambia niminye vidole vyake;
nikaminya mpaka akaguna.
"Hakuna kitu. Lala. Punguza kahawa."
Nikatoka lupitalo mwepesi,
nikanunua ndizi, nikamsalimu hata anayenidai,
hakuna kitu, hakuna kitu, mpaka Nyawera.
Pale sokoni, mbele ya beseni la mama wa sambaza,
kitu kikabisha hodi.

Lala, alisema.
Kana kwamba usingizi ni satini,
unaingia dukani, unakatiwa mita mbili.

Nageuka: Nsimire ameketi kitandani.
Tangu lini, sijui.
Ananitazama na futi yangu
kama anayemfuma mume akihesabu pesa za siri.
Hasemi. Anaweka kiganja juu ya kigimbi.
Tunangoja.
Kinakataa, kama kawaida, kucheza mbele ya shahidi.
Tunangoja. Mvua inaanza kwenye mabati ya juu,
inashuka nyumba kwa nyumba hadi kwetu.
Kisha: tatu.

"Nimekisikia," anasema.
"Kama kifaranga ndani ya yai."

Nikalia, na ukope haukuwa umecheza.

Akaizungusha futi kwenye mkono wake mara tano,
akafunga fundo kwa meno,
akalala juu ya mkono huo.
Sare kumi na moja zinangoja vifungo.
Moto ukakatika.

Gizani nikaupima mguu kwa shubiri.
Moja, na vidole vitatu.
Au vinne.
Sikuwasha tochi.